Kamasi za Karatasi

Ute uliteremka kutoka kiganjani mwa Bibi Tomeko, fundi wa karatasi, kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Ukanyooka, ukakataa kukatika. Ritsuo aliukodolea macho, supu ya asubuhi ikimpanda kooni.

Kijijini pale hakuna aliyemaliza shule bila kujitengenezea karatasi ya cheti chake. Mwaka huu wahitimu walikuwa wawili tu, Ritsuo na Nanae. Majira yote ya baridi walibambua magome ya mforsadi, wakayachemsha kwa maji ya jivu hadi banda likanuka soksi za marehemu, wakaokota uchafu mmoja mmoja katika maji ya barafu. Hayo Ritsuo aliyavumilia kishujaa. Lakini ute ule wa mizizi ya mmea fulani, binamu wa bamia, ulimshinda. Bila huo nyuzi za magome huzama pipani. Ukiwamo, huelea na kushikamana.

"Tia mkono, bwana mkubwa," Nanae alisema. "Haung'ati. Unabusu tu."

Karatasi ya Ritsuo ilikwisha kubandikwa ubaoni, nyeupe, laini. Ilibaki ya Nanae, na mizizi ilikuwa imekwisha; ute uliobaki ni ule wa ndooni tu. Bibi na Nanae walipotoka kuchota maji, Ritsuo akamimina birika la maji ya moto katika ndoo ya ute. Alitaka tu kuliona dude lile likifa.

Likafa. Ute hauvumilii joto. Ukawa maji matupu.

Bibi aliumimina pipani, Nanae akainua chekeche la mianzi. Nyuzi zilikuwa mabonge, kama matapishi ya paka.

"Nimekosea wapi, Bibi?" Sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Bibi alichovya kidole ndooni, akakuta uvuguvugu. Akamtazama Ritsuo, kisha akaifuta mikono yake polepole.

"Ibandike hivyo hivyo, mwanangu."

Ritsuo alikitafuta kicheko alichokuwa amekiandaa. Badala yake kinywa kilimjaa mate machungu, na safari hii hakuwa na ndoo ya kusingizia.

Karatasi zilipokauka, mwalimu mkuu alikuja kuzichukua.

"Hii ya mabonge ni yangu," Ritsuo alisema.

Nanae akafungua mdomo. Bibi akamkanyaga kidole cha mguu.

Siku ya mahafali wino ulikuwa umetambaa katika matundu na mabonge ya cheti cha Ritsuo, herufi zikavimba, zikachuruzika. Nanae, mwenye cheti cheupe kifuani, akamwinamia.

"Jina lako linatoka kamasi."

Ritsuo akainama mbele ya wazee kwa heshima zote, akavuta pua.