Namba ya Kulwa, Namba ya Doto

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Fakhria binti Thuwaini alipata kazi ya kutunza kadi katika kliniki moja ya mama na mtoto upande wa Cheyo, mjini Tabora. Alikuwa na miaka ishirini, na baba yake, muuza vitambaa, alikuwa bado hajazoea kumwona bintiye akitoka kwenda ofisini.

Mkuu wake alikuwa Mzee Silasi, karani wa siku nyingi, aliyepanga kadi zote kwa majina ya akina mama. Mpango huo ulifaa akina mama walipokuwa wachache. Sasa sanduku la herufi N peke yake lilikuwa na akina Nyamizi kumi na mmoja. Mzee Silasi aliwatenganisha kwa kuandika kijiji pembeni, lakini tangu watu wahamie vijiji vya ujamaa, wa huku alikuwa wa kule, na watatu walijikuta kijiji kimoja.

Wiki ya pili Fakhria alitoa shauri: kila mama apewe namba isiyobadilika hata akihama, na kadi ya mtoto itambulike kwa namba ya mama pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

"Mtu si gunia la karanga, binti," alisema Mzee Silasi. "Ana jina."

"Jina litabaki, mzee. Tutamwita kwa jina. Kadi yake ndiyo tutaitafuta kwa namba."

Mzee akakubali shingo upande. Fakhria alinakili kadi zote upya, na mwezi mzima kazi ikaenda vizuri, hata akaanza kutembea kwa madaha.

Asubuhi moja akaingia mmoja wa akina Nyamizi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. "Mwangaluka," alisalimu, akatoa namba yake: mia mbili na kumi na mbili. Fakhria alipata kadi papo hapo.

"Mwanao ameshachanjwa surua, mama. Muhuri huu hapa."

"Yupi?"

"Wa tarehe kumi na nne Machi."

Nyamizi alicheka mpaka mtoto wa mgongoni akatikisika. "Binti, wote wawili ni wa tarehe kumi na nne Machi! Huyu Kulwa, huyu Doto. Doto alichanjwa. Kulwa alikuwa na homa, mkaniambia nimrudishe akipona."

Uso wa Fakhria ukawaka moto. Alikumbuka vizuri: aliponakili aliona kadi mbili zenye jina la mama huyuhuyu na tarehe ileile, akadhani Mzee Silasi aliandika mara mbili, akazifanya moja. Mama huyu angekuwa mpole zaidi, angerudi nyumbani na Kulwa bila chanjo.

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

"Hata bibi yao huwachanganya," alisema Nyamizi. "Lete sindano."

Muuguzi Pelagia akamchoma Kulwa, naye akanyamaza kimya. Aliyepiga kelele ni Doto, ambaye hakuguswa.

Mchana Fakhria alimweleza Mzee Silasi yote, akingoja kukaripiwa. Mzee aliuliza tu, "Sasa tufanyeje?"

"Alama ya mtoto niliitoa kwenye mambo yake, mzee. Mama yake, siku yake. Hayo mapacha huwa nayo sawasawa. Kila mtoto apate namba yake mwenyewe, isiyoeleza lolote, na asipewe mwingine hata huyo akihama. Namba ya mama tuiandike pembeni, tujue ni mtoto wa nani."

Mzee alikuna kidevu. "Na mapacha wengine uliowaunganisha?"

Walifungua daftari la akina mama waliojifungua, wakapata jozi sita zaidi. Siku tatu walikaa wakiwatenganisha, mzee akisoma, Fakhria akiandika.

Mwezi uliofuata surua ikasikika vijiji vya jirani. Mganga mkuu akataka upesi majina ya watoto waliotimiza miezi tisa na hawajachanjwa surua. Mzee Silasi akavuta sanduku la kadi za chanjo, akachambua zisizo na muhuri wa surua. Zilikuwa kumi na nne.

"Tayari," alisema.

Fakhria alisita. Hakupenda kumpinga mzee mbele ya Pelagia. "Samahani, mzee. Humu wamo waliowahi kuja kuchanjwa japo chanjo moja. Ambaye hajafika hata siku moja hana kadi humu. Tukiuliza sanduku hili, halitamtaja."

"Tuulize lipi?"

"La waliozaliwa, lenye kadi ya kila mtoto tangu alipoandikishwa. Tuchukue kila aliyetimiza miezi tisa, tuitafute namba yake kwenye chanjo. Asiyeonekana, au asiye na muhuri wa surua, tumweke mezani."

Walianza upya. Pelagia alitaja namba, Fakhria akatafuta, Mzee Silasi akapanga mezani. Saa tisa alasiri kadi zilikuwa thelathini na saba. Mzee alizihesabu, akatoa kumi na nne zake, kisha akaichana karatasi aliyokuwa ameziandika.

"Ishirini na watatu," alisema taratibu. "Ningewaacha nyumbani."

Kesho yake Landrova iliondoka na Pelagia, sanduku la barafu lenye chanjo, na orodha yenye namba ya kila mtoto, jina la mama na kijiji anachoishi sasa. Ilizunguka siku nne. Watoto thelathini na sita walipatikana na kuchanjwa. Wa mwisho alikuwa amehamia Lusu na mama yake, na zahanati ya huko ikaandikiwa barua. Wiki ya pili jibu likaja: amechomwa, amelia, anaendelea vizuri.

Fakhria aliisoma barua kwa sauti, na Pelagia akapiga vigelegele katikati ya foleni ya akina mama, ambao nao walivipokea kabla ya kuuliza kuna nini.