Makopo Mawili ya Maji

Nilirudi Miono kutoka msibani Vigwaza nikakuta majirani wamenifanyia wema: wamelisafisha shamba langu! Mabua yote ya mahindi yamerundikwa katikati, na kaka yangu Mikdad amesimama kando ya lundo na kiberiti mkononi.

Wema huo ulinipandisha mori. Huku kwetu mtu akifiwa, wenzake humwandalia shamba, na shamba safi kwao ni lililochomwa. Mimi mwaka wa tatu huu sichomi. Nayaacha mabua yaozee ardhini, napanda mbaazi katikati ya mahindi, nachekwa. Wameniita Mama Takataka mpaka nimezoea kuitika.

"Pole na msiba, Mosi," Mikdad akasema.

"Weka kiberiti mfukoni kwanza!" Hata shikamoo niliisahau.

"Acha ubishi. Udongo ni udongo tu."

"Basi tuupime! Wako ukinywa maji kabla ya wangu, nitawasha moto mwenyewe."

Majirani wakashangilia. Nilitafuta makopo mawili ya maziwa, nikayatoboa vitako. Moja nikalikandamiza ardhini kwangu, jingine kwake, ng'ambo ya kijia. Tukamimina kikombe kimoja kila kopo. Nikishindwa, jasho la miaka mitatu linageuka majivu mbele ya macho yangu.

Kwake maji yakatuama. Kwangu jirani yetu Mardhiya alianza kuhesabu kwa sauti, na kabla hajafika ishirini kopo lilikuwa tupu. Tukaongeza kikombe cha pili. Nacho kikazama! Nikapiga kigelegele, wanawake wakakipokea, sikumbuki nani alinikumbatia kwanza. Kwa Mikdad kile cha kwanza kilikuwa bado kinang'aa juani.

Akachutama, akachimba kwangu kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi, laini, una nyungunyungu. Aliunusa, akaunusa tena. Kisha akainuka, akakumbatia mzigo wa mabua. Nikadhani anaanza kunitandazia, kumbe anavuka kijia kuelekea kwake!

"We! Hayo yangu!"

"Ya kwangu nilichoma Jumatatu," akasema, bila kuuachia mzigo.

Hasira zote zikanitoka.

"Haya, mzigo mmoja tu. Na utandaze mwenyewe."

Akabeba mitatu, nami kwa kucheka nikashindwa kumzuia.