Nzi Kwenye Kiti cha Dirishani

Kamati ya maktaba ya mji wa Oamaru ilikuwa imeshakataa ramani za jengo za msanifu Elspeth Gourlay mara mbili, ikidai ukumbi wake utawabana watu kama dagaa mkebeni. Sababu hasa ilikuwa sketi yake, yaani uanamke wake, lakini nani angethubutu kuisema?

Mara ya tatu hakupeleka ramani. Aliujenga ukumbi mzima kwa kadibodi, juu ya meza ya jikoni, akaupiga picha pacha, mbili za kitu kimoja. Wenzake wa kazi hii, baada ya picha ya kwanza, husogeza kamera kwa nafasi iliyopo baina ya macho ya mtu. Yeye aliisogeza upana wa ukucha tu, kana kwamba atakayetazama ni sisimizi. Ukizitazama picha hizo kwenye kitazamio, kile kifaa cha vioo viwili, kila jicho na yake, kadibodi inakuwa jumba, nguzo zimekupita kimo, dari huifikii hata kwa ngazi!

Aliiweka kadi yenye picha hizo, pamoja na kitazamio, mbele ya kamati. Mwenyekiti, Bwana Dalgleish, mtu asiyekubali kupitwa na lolote, akawa wa kwanza kutazama.

"Haya sasa, hili ndilo jengo! Nalijua, liko Edinburgh. Nimekaa kwenye hicho kiti cha dirishani, nikasoma asubuhi nzima."

"Kweli, Bwana Mwenyekiti?" Elspeth akauliza kwa upole.

"Nikudanganye ili iweje, binti? Tujenge hilihili. Rennie, andika!"

Katibu Rennie akaandika, wote wakatia sahihi. Ndipo Rennie naye akataka kuona. Akatazama, akafuta vioo, akatazama tena.

"Dalgleish, ulikaa dirishani, siyo?"

"Si nimeshasema!"

"Na huyu nzi je? Mkubwa kama paka, kajikalia hapohapo kitini!"

Elspeth akaelewa papo hapo. Nzi wa jikoni, aliyetua kwenye kadibodi wakati wa kupiga picha! Rennie akiichana ile karatasi yenye sahihi, maktaba yake ndiyo imekwenda. Akajikaza.

"Bwana Mwenyekiti ndiye aliyefika huko," akasema. "Atuambie yeye. Au niwaeleze mimi jengo hili liko wapi?"

Dalgleish alimtazama, akatazama kadi, masikio yakamwiva. Mjanja kamjua mjanja.

"Alikuwepo," akasema hatimaye. "Nzi wa Edinburgh ni wakubwa mno. Sahihi zibaki."