Safu ya Anayekamua

Chama cha maziwa pale Kanyakine kilikuwa kimekubali jambo lililochelewa miaka mingi: pamoja na jina la mwenye namba ya uanachama, ambaye karibu kila mara ni mume, liandikwe pia jina la anayekamua. Karwirwa, karani wa kompyuta, akaongeza safu hiyo kwenye jedwali. Kompyuta ikaiweka mwisho kabisa, baada ya lita na namba ya gari la kubebea maziwa, kwa kuwa safu mpya hukaa mkiani.

Karatasi ya jedwali ilipobandikwa ukutani, Gatakaa alitua mtungi wake akaisoma.

"Haiya! Yaani tuko nyuma ya gari? Basi hiyo gari iende ikakamue!"

Foleni nzima ya wanawake ikacheka, lakini hakuna aliyemimina maziwa. Jua nalo lilikuwa likipanda.

Mwenyekiti, Mzee Kailemia, akaingia ofisini mbio. "Msichana, sogeza hayo majina yakae karibu na ya wanaume. Sasa hivi!"

Karwirwa alikuwa mtu wa kunywa chai isiyo na sukari kuliko kuomba aongezewe. Akatengeneza nakala ya jedwali, akaihamisha safu hadi katikati, kisha akaujaribu mzani unaotuma lita kwenye kompyuta. Mzani ulijaza nafasi kwa mpangilio wa zamani, bila kujali safu inaitwaje. Penye jina la Gatakaa pakaandikwa kumi na mbili.

"Siwezi, mwenyekiti," alisema.

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki. Ona, Mama Gatakaa amegeuka lita. Jedwali tuliache lilivyo. Karatasi ndiyo nitakayoiagiza itoke kwa mpangilio wanaoutaka."

Kailemia alikodolea kioo macho. "Na mbona hukusema hivyo tangu asubuhi?"

Karwirwa akaigeukia kompyuta. Akachapisha karatasi nyingine, akatoka kuibandika mwenyewe.

Gatakaa aliifuata kwa kidole: Naftaly Mukiri, mumewe, kisha Gatakaa, kisha lita.

"Na ndani ya mashine?"

Kudanganya kungekuwa rahisi kwa Karwirwa. "Ndani bado uko mwisho, mama. Nikikusogeza, mzani utakupoteza."

Gatakaa akaondoa kidole ukutani. "Mashine ifanye yake. Lakini hii ya ukutani, mtu asiiguse."

Akaunyanyua mtungi hadi kwenye mzani, na foleni ikasogea.