Buti Chini ya Pazia

Mimi nina mdomo, na sioni haya kusema hivyo. Watoto wa chekechea hawafundishwi kwa kunong'ona. Darasa letu ni chumba kimoja cha kupanga chini ya ghorofa: upande huu watoto, upande ule pazia la bluu, na nyuma yake tunahifadhi mikeka. Asubuhi jua likipita dirishani na kupenya pazia hilo, chumba kizima kinageuka bluu, hata meno ya watoto, utadhani tunasomea chini ya maji. Humo nilikuwa na kelele za kila aina, na mtoto mmoja asiye na sauti.

Tulimwita Pamba, maana alitembea kama anayekanyaga pamba. Aliingia, akakaa, akaondoka, usijue. Tukiimba, midomo yake ilicheza pamoja na wenzake, lakini ukisogeza sikio husikii kitu. Ukimuuliza jina, anaangalia pazia. Ukimuuliza rangi, anaangalia pazia.

"Pazia ndilo litakalokujibu?" nilimuuliza siku moja, na wenzake wakaangua kicheko. Yeye akaweka kidole mdomoni, akatutazama wote kwa huruma.

Mkuu wetu akachoka. Nje kulikuwa na akina mama wanaosubiri nafasi, na mtoto asiyesema huwezi kumpandisha darasa la juu.

"Ijumaa nataka kusikia sauti yake," alisema. "Nisipoisikia, akae nyumbani, nafasi apewe mwingine."

Roho iliniuma. Akae nyumbani na nani, akifanya nini? Alhamisi mchana nikamshika mkono, nikampeleka kwao mimi mwenyewe, nimejiandaa kumpa mama yake vipande vyake.

Mama Pamba ni fundi cherehani. Nilimkuta anashona nje kwenye korido, mbali kabisa na mlango wake. Kabla sijafungua mdomo, akanyanyua mkono.

"Taratibu, Mwalimu," alinong'ona. "Baba yake amelala."

Ndani kulikuwa na chumba kimoja, na katikati yake pazia. Lilikuwa la maua, lakini mwanga uliopita humo ulikuwa ule ule wa darasani, mwanga wa majini. Nyuma yake mtu alikoroma polepole. Chini ya pazia zilichungulia buti za mlinzi, zimepangwa pamoja. Usiku kucha analinda mali za watu, na usingizi wake ndio huo.

Kila kitu humo kilikuwa kimefundishwa kunyamaza. Vijiko vilikuwa vimeviringishwa kwenye kitambaa. Miguu ya kiti ilikuwa imevalishwa soksi kuukuu. Nilipokaa, macho yakaanza kuwa mazito, nikahisi nimeingia kwenye ndoto ya yule baba bila kubisha hodi.

Pamba alipanga vifuniko vya chupa sakafuni, kimoja kimoja, bila kuvigonganisha. Akasimama mbele yavyo, mkono kiunoni. Mara moja nikajiona mimi, ninavyosimama mbele ya darasa. Akaimba wimbo wetu wa wiki ile, mistari yote. Akahesabu, akagombeza kifuniko kimoja kikorofi, kisha akakisamehe. Yote hayo kwa midomo mitupu, na hakuacha neno. Nilicheka nimejiziba mdomo, halafu machozi yakanitoka. Hasira niliyokuja nayo sikuwa na wa kummwagia. Utamfokea mtu aliyelala?

Mara kitanda kikalia nyuma ya pazia. Pamba akaganda, macho kwenye yale maua. Yalikuwa macho yale yale ya darasani. Kumbe kwake kila pazia lina mtu nyuma yake, amechoka, asiamshwe.

Ijumaa mkuu alikuja mapema, akasimama mlangoni na funguo zake mkononi. Sikumwambia Pamba aimbe. Nilimpeleka mpaka kwenye pazia la bluu, nikachuchumaa, nikanong'ona, mimi huyu mwenye mdomo.

"Fungua."

Akatikisa kichwa.

"Fungua tu, mama."

Akalivuta kidogo kidogo. Kulikuwa na mikeka, ndoo, na ufagio uliokatika. Aliangalia kwa muda mrefu, akainama, akatafuta buti. Kisha akanisogelea sikioni, na pumzi yake ikawa maneno.

"Ameenda kazini?"

"Ameenda," nilimwambia. "Hapa hakuna aliyelala."

Akarudi mahali pake, akaweka mkono kiunoni, akaimba. Jamani! Sauti nene, ya kukwaruza, sauti ya kuitia wateja sokoni, ikajaa chumba kizima. Mkuu alishtuka mpaka funguo zikamdondoka. Watoto wakamkodolea macho, halafu wakaitikia.

"Mpandishe," mkuu alisema akiokota funguo. "Ila akae mbali na ofisi yangu."

Mchana nilimsindikiza. Njia nzima alipayuka: rangi za milango, namba za nyumba, salamu kwa kila paka. Nami nilimjibu kwa sauti yangu yote mpaka kwenye korido yao. Nilimwona mama yake ameinamia cherehani, nikavuta pumzi nimpigie kelele za furaha.

Pamba akanivuta sketi. Nilipoinama, akaniwekea kidole mdomoni.

"Shh, Mwalimu," alinong'ona. "Huku yupo."