Kinywa cha Pili

Risper alizikumbuka Ijumaa za Kosele kwa utamu, na utamu wenyewe ulimtia haya. Ijumaa yeye na Milka walifua kanzu nyeupe za kanisa kijitoni nyuma ya soko, wakiimba, wakiwasengenya waume zao kidogo, Milka akicheka mpaka sabuni inamponyoka. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Furaha kama ile hakuipata tena popote.

Kanisa lao, Mlango Mwembamba, halikumruhusu mtu kuingia Jumamosi kabla hajaungama kwa mwenzake wa toba. Risper alikuwa na Milka, Milka na Risper. Wakishaanika kanzu kwenye nyasi waliambiana yote, yakaishia pale. Ndivyo Risper alivyojua kwamba Milka alimpeleka mwanawe zahanati akachomwa sindano ya malaria, ilhali kanisa lilikataza dawa za kila aina. Milka naye alijua kuhusu vidonge vya kupanga uzazi ambavyo Risper alivificha ndani ya unga wa mtama.

Lakini kuna mtu alimwona Milka akiwa njiani kwenda zahanati. Mama Priscilla, mlinzi wa mlango, akamwita Risper na kumketisha kwenye kigoda.

"Milka ameshatubu," alisema kwa upole. "Ametaja yake, na yako pia ametaja. Unajua mafundisho yetu. Dhambi ikitajwa na kinywa kimoja ni mzigo. Ikitajwa na viwili inafutwa."

Risper aliyaamini mafundisho hayo kama alivyoamini kwamba kesho kutakucha. Aliona ni uchoyo kumnyima rafiki yake kinywa cha pili. Akasema yote: sindano, siku, hata jina la zahanati. Alitoka mle akijisikia mwepesi, mjinga yule, akidhani amemtua Milka mzigo.

Jumamosi Milka alivuliwa kanzu mbele ya watu wote. Kufikia Jumatatu mumewe alikuwa amemfukuza, yeye na mtoto.

Risper hakuulizwa lolote kuhusu vidonge. Aliita hiyo rehema. Alikaa kanisani miaka minne zaidi kabla ya kutoka na kuanza kuchuuza omena, dagaa wa ziwani, na biashara hiyo ndiyo iliyomfikisha Muhuru Bay, akamkuta Milka ufukweni akigeuza omena juani.

"Nyamera, dada yangu," Risper alisema. "Nilikuwa nataka kukusaidia. Waliniambia umeshasema yote, hata yangu."

Milka hakuacha kugeuza. "Mimi? Walinikalisha siku mbili bila chakula, wananiuliza Risper anaficha nini. Nikawaambia sijui. Kama ningesema zile dawa zako, wangekuwacha ukae hapo miaka yote hiyo?"

Miaka minne, na Risper hakuwahi kujiuliza hata mara moja. Aliketi mchangani akalia kwa sauti, wanunuzi wakimtazama.

Milka akamwinua. "Wachana na kulia. Mimi nilikusamehe kitambo." Akampimia omena, akamwongezea na konzi moja ya bure. Risper akafuta machozi, moyo ukaanza kumtulia.

"Sasa unakaa wapi siku hizi, nyamera? Nikuje nikutembelee."

Milka alifunga gunia, akakaza kamba vizuri.

"Huku huku tu," alisema, akamgeukia mteja mwingine.