Makuti ya Vidole Vitatu

Mume wangu Stambuli ana maradhi mawili, sukari na kujua kila kitu. Sukari inamtesa yeye peke yake. Hayo mengine tunaugua nyumba nzima, na majirani pia.

Ni fundi wa kuezeka makuti, na sisemi kwa kuwa ni wangu, hana mpinzani kuanzia Mambrui mpaka Malindi mjini. Mahoteli yanamwita, wenye majumba ya ufuoni wanamwita. Siku asizoitwa, akishaswali alasiri huenda kukaa kwenye kibaraza cha kahawa akawaamulia wenzake mambo ya dunia. Mwezi ule dunia ilikuwa na jambo moja tu la kuamuliwa: nani asomeshewe mtoto.

Shirika moja lilikuwa limeahidi kulipa karo ya shule ya bweni, tangu siku ya kuripoti hadi mtihani wa mwisho, kwa watoto watano wa mtaa wetu. Waliopata barua za kuitwa shuleni walikuwa kumi na mmoja. Mmoja alikuwa Shukri, kitinda mimba wangu. Mwingine alikuwa Purity, binti wa Damaris, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Purity aliwapita wote kwa alama, na bado jioni alikuwa akiwafundisha wenzake hesabu, Shukri akiwemo.

Stambuli alikuwa na msimamo wake, na aliutoa kila siku pamoja na kikombe cha kwanza. Wa kusaidiwa ni yule asiye na kazi. Mwenye mshahara ana mshahara wake, aubane. Kwa nini apewe tena cha bure na kumzibia mwenzake riziki? Wazee wa kahawa walimkubalia kwa vichwa, maana wengi wao kazi waliiacha zamani na yenyewe haikuwahi kurudi kuwatafuta.

Aliyekuwa akimlenga ni Mwambire, mume wa Damaris, ingawa hakumtaja. Mwambire ni mlinzi wa usiku katika jumba la Mtaliano mmoja huko ufuoni. Damaris anafua mashuka katika nyumba ya wageni Malindi, na hutoka alfajiri wakati mumewe anarudi. Hukutana njiani, wakapeana ufunguo na habari za watoto, kila mtu akashika njia yake. Stambuli hupenda kuuliza wale watoto wanne walipatikana saa ngapi. Nami humjibu kwamba kuna siku za mapumziko, na kwamba yeye anayeshinda nyumbani ana watatu tu.

Mimi nilikuwa kwenye kamati ya mtaa, si kwa elimu, bali kwa sababu nauza mahamri na kila nyumba naijua ndani na nje. Kwa hiyo shirika lilipomtuma binti mmoja kuja kuandika kaya, niliambiwa nimtembeze. Alikuwa mtu wa bara, mpole, amejitanda mtandio kwa heshima yetu, na mkononi ana kishikwambi chenye maswali ambayo hakuyatunga yeye.

Kwa Damaris aliuliza nani ameajiriwa. Damaris akasema wote wawili. Mshahara unaingia kila mwezi? Unaingia, ukijisikia. Paa la nyumba ni la nini? Damaris akatazama juu kana kwamba huenda limebadilika tangu asubuhi, akasema mabati. Binti alikuwa akibonyeza kila jibu, na Purity, aliyesimama mlangoni, alikuwa akikifuata kile kidole kwa macho. Ni mtoto mwerevu. Aliona kwamba kila mamake akisema kweli, shule inasogea mbali.

Tukaja kwangu. Nani ameajiriwa? Hakuna, na hilo ni kweli, fundi haajiriwi. Paa je? Makuti. Yule binti akainua macho akaliangalia paa langu, kisha akanigeukia na sura ya huruma.

"Pole, mama," akaniambia.

Nikasema asante.

Asante ile bado inaniwasha. Paa lile si la kupewa pole. Stambuli aliliezeka kwa mkono wake, na kati ya kuti na kuti aliacha nafasi ya vidole vitatu, kama anavyowaezekea wenye mahoteli. Watu wa kawaida huacha vidole sita na kumwomba Mungu mvua isizidi. Siku hizi minazi imepungua, makuti yote yananunuliwa na mahoteli, na paa zuri la makuti ni la mwenye uwezo. Na yale mabati ya Damaris? Yalikuwa ya banda la magari la Mtaliano anayelindwa na Mwambire. Mwenye jumba aliyaona yanamharibia sura ya bustani, akataka makuti. Stambuli wangu ndiye aliyeyavua na kuweka makuti, na yale mabati yenye kutu akapewa mlinzi ayabebe kwake. Aliyetunga ile fomu alitoka mahali ambapo makuti ni umaskini na mabati ni maendeleo. Hayo yote niliyajua nikiwa nimesimama pale, na nikasema asante.

Baada ya wiki mbili orodha ikabandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi. Shukri alikuwa wa tatu. Purity alikuwa wa saba. Zilibaki siku kumi kabla ya kuripoti, na barua zilisema wazi kwamba asiyefika na karo nafasi yake atapewa mwingine.

Jioni ile Damaris alipita kwangu akitoka kazini, akanipa hongera, na haikuwa hongera ya midomo. Stambuli alikuwa kibarazani petu, naye hawezi kumwacha mtu apite bila kumfafanulia. Akamweleza kwa upole kwamba orodha ni ya haki, kwa sababu wao wana mishahara miwili. Damaris akamwuliza, ikiwa mishahara hiyo inaishia kwenye chakula na nauli, karo itoke wapi. Stambuli akasema wapunguze. Wapunguze kipi, chakula au nauli? Hilo akasema ni la nyumba yao, yeye hapendi kuingilia. Damaris akataka kujua kama mtu aliyeezeka hoteli mbili mwaka jana naye hakuwa kazini. Stambuli akasema kile ni kibarua, leo kipo kesho hakipo. Na hapo hakusema uongo. Hilo ndilo linaloniudhi kwa mume wangu, kwamba kila hoja yake ina robo ya ukweli.

"Basi labda niache kazi," Damaris akasema.

Stambuli akamwambia ni wazo jema, angalau Mwambire atapata kumwona. Wote wawili walicheka. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama Damaris mikono, iliyochubuka kwa sabuni ya mashuka ya watu, na nikaona ile barua ya Purity imekunjwa ndani ya mkoba wake pamoja na kitambulisho. Alikuwa akienda nayo kazini kila siku.

Jumamosi ukaitwa mkutano wa kuthibitisha majina. Tulikutana darasani, watu wazima kwenye madawati ya watoto, na Stambuli magoti yamemfika kifuani. Mzee Mwaringa, mzee wa mtaa, alifungua kwa dua na kwa sala ili asilaumiwe na upande wowote. Yule binti akasoma majina, na kwa kila jina Mzee Mwaringa akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Lilipofika la Shukri nilitazama sakafu. Hakuna aliyesema kitu. Damaris alikuwa ameketi karibu na dirisha. Hakwenda kazini, na siku asiyokwenda hukatwa. Purity alikuwa amesimama mlangoni.

Mzee Mwaringa alipouliza kama kuna swali la mwisho, Damaris akasimama.

"Mimi sipingi jina la mtu," akasema. "Nauliza tu. Nikiacha kazi leo, mtoto wangu ataingia?"

Binti akainamia kishikwambi chake. Alikuwa mkweli, maskini. Akasema bado hataingia, kwa sababu kuna paa, na paa ndilo lenye alama nyingi kuliko maswali yote. Damaris akauliza, je, akiondoa mabati akaweka makuti? Hapo, binti akasema kwa sauti ndogo, huenda angeingia.

Watu wakacheka. Damaris hakucheka. Akamgeukia mume wangu.

"Fundi, utaniezekea kwa bei gani?"

Stambuli si mjinga. Alinusa jambo, akasema makuti ni kitu rahisi, cha vijisenti tu, watazungumza kama majirani. Kisha akakaa na kukunja mikono. Mambo yangeishia hapo. Mzee Mwaringa alikuwa tayari ameshika kalamu kutia sahihi, na Shukri wangu angekwenda bweni. Nikamtazama Purity. Alikuwa amesimama vilevile kama siku ya fomu, na macho yake yalikuwa kwenye kidole cha yule binti. Ile asante ikaniwasha tena.

Namjua mume wangu. Ukimtukana yeye, atakusamehe kabla ya magharibi. Makuti yake ni jambo jingine.

"Rahisi ni kweli," nikasema. "Si ndiyo yale ya vidole sita? Hata la kwetu linavuja."

Akainuka, na dawati likainuka naye. Akaniuliza mbele ya watu ni lini lilivuja, mvua ipi, upande upi. Kisha akawageukia wengine, akawapa darasa zima. Vidole vitatu, si sita, katika maisha yake hajaezeka vidole sita. Nyumba kama ya Damaris inakula makuti elfu mbili, bado boriti, bado fito, bado mafundi wawili wiki nzima. Bei yake ni mara tatu ya mabati mapya, tena ya dukani, sembuse yale ya kutu aliyoyavua kwa mkono wake kwenye banda la magari la Mtaliano.

"Chini ya makuti yangu wanalala watu waliokuja kwa ndege," akasema. "Na paa langu mimi ni lile lile la hotelini. Hakuna tofauti hata kuti moja."

Binti akamwuliza kwa adabu, "Kwa hiyo mzee, hapa kwenu mwenye makuti ndiye mwenye uwezo?"

"Sasa ulidhani nani?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikapita dawati kwa dawati mpaka kikamfika Mzee Mwaringa, akaiweka kalamu chini. Uso wa mume wangu ukabadilika polepole, kama mtu aliyefika sokoni akakumbuka ameacha sufuria motoni. Akaketi.

Yule binti alitoka nje kuwapigia simu wakubwa wake, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema swali la paa limeondolewa kwa mtaa wetu, na hesabu imepigwa upya. Akasoma. Purity wa tano. Shukri wa sita.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Stambuli akasimama akaliangalia paa.

"Linavuja wapi?"

"Halivuji."

"Ulinichokoza."

"Nilikuchokoza."

Nilingoja anigombeze, na nilistahili, maana mtoto ni wetu sote. Akavua kofia akaipangusa, akasema angalau sasa hakuna mtu Mambrui atakayedhani anaezeka vidole sita. Kisha akaingia ndani akakaa na Shukri. Mimi nilikwenda jikoni nikalia. Shukri alikuwa ameshalipanga sanduku lake, sabuni juu, blanketi chini, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsaidia kulipanga. Sasa atakwenda shule ya kutwa, kwa miguu asubuhi na jioni, na hilo ni la kwangu mimi kulibeba.

Siku mbili Stambuli hakwenda kahawani. Siku ya tatu akaenda, na msimamo mpya. Sasa mwenye kazi ndiye anayeonewa katika nchi hii. Anajenga, analisha watu, anakatwa kila upande, na msaada ukija anaambiwa yeye hahitaji. Asiye na kazi angalau ana muda wa kuhudhuria mikutano. Wazee wale wale wakamkubalia kwa vichwa vile vile.

Alfajiri ya kuripoti Damaris alikuja na Purity kununua mahamri ya safari. Purity alikuwa na sare mpya iliyomzidi mabega. Sikuweza kumwacha aondoke hivi hivi. Nikamwambia mamake kwamba siku ile ya fomu nilijua habari ya yale mabati, na nikanyamaza.

"Najua," Damaris akasema. "Waume zetu waliyabeba, na mimi nilishika ncha."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema. Jina la Shukri lilisomwa mbele yake, akaulizwa kama ana pingamizi, na alikuwa na haki.

"Nilikuwa nakungoja useme wewe, Mama Shukri."

Niliyafunga mahamri kwenye gazeti. Nikauliza, je, nisingesema? Akaniambia kwa uso mkavu kwamba angeacha kazi kama alivyoshauriwa na fundi, aje akae kibarazani kwangu kutwa nzima akila mahamri ya bure, mpaka niseme. Purity akacheka, na mimi nikacheka na machozi yakanitoka. Nikaongeza mahamri mawili nikakataa pesa. Damaris akaziweka juu ya meza hata hivyo, akasema yeye ni mwenye mshahara.